Mjusi Aliyeingia Hemani kwa Fadhiya

Gari la Daktari Nihal, mtafiti wa wanyama, lilikuwa limeshafika mwisho wa bonde, madebe yanagongana nyuma, Freji, kijana wa bondeni aliyekuwa akimwongoza, alipopiga dirisha kwa kofi. "Simama! Yule pale!"

Juu ya jabali, mjusi dume alikuwa akitikisa kichwa. Kichwa cha buluu, mwili rangi ya vumbi.

Wiki nzima walimtafuta huyo. Majike waliwapata, lakini jike hathibitishi aina; majike wa mijusi wa miamba ya Sinai wanafanana kama kokwa za tende. Dume anayejulikana huwa buluu mwili mzima. Huyu ni kichwa tu, na Nihal aliamini kidole chake cha nne cha mguu wa nyuma kimekipita cha tatu. Ikiwa ni hivyo, ni aina nyingine, haipo kwingine duniani, na kesho kamati ya vibali ya mji wa Tur ingezuia mashine za kuvunja mawe zilizokuwa zije bondeni. Ikiwa sivyo, jabali lingepasuliwa. Kisima cha kina Freji kilikuwa chini ya jabali hilohilo.

Freji akanyoosha fimbo yenye kitanzi. Mjusi akaruka, akakimbia juu ya changarawe, akapenya chini ya kamba za hema jeusi la Fadhiya, shangazi yake Freji.

Freji akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Ingia basi!" Nihal alihema.

"Siingii. Yeye ameshaingia; aliyeingia hemani ni mgeni, haguswi."

Fadhiya akatoka, mikono ina unga. "Nani anamkimbiza mgeni wangu?"

"Shangazi, ni mjusi."

"Nimeona. Miguu minne na mkia. Sijawa kipofu."

"Lakini ni mjusi kafiri! Anatikisa kichwa kuwaiga wanaoswali."

"Atajibu kwa Mola wake. Marehemu baba yako alimhifadhi muuaji katika hema hili, na wewe ndiye uliyempelekea kahawa. Yule ulimuuliza dini yake?"

Nihal akapiga magoti mchangani. "Mama, nimtazame tu. Nimpime vidole."

"Kutazama si kuua. Tazama."

Akamleta amemfunika kwa ncha ya ushungi. Nihal akapima, akarudia tena. "Cha nne ni kirefu. Freji, ndiye!"

"Basi tumepona!"

"Bado. Kamati haitaki maneno wala picha. Watasema jua limenidanganya. Wanataka mwili."

"Mwili kivipi?" Fadhiya akauliza.

Jicho la Nihal lilikwenda kwenye chupa ya spiriti iliyokuwa garini.

"Aa-a. Hapa hachinjwi mtu." Fadhiya akainuka. "Hifadhi yangu inaishia kwenye kigingi cha mwisho. Nitamtolea nyuma, upande wa mlima. Mwenye haya atakaa mbele, anywe kahawa."

Akamimina vikombe viwili. Nihal akakaa. Freji akabaki amesimama, akitazama kikombe chake, kisha jabali, kisha mbuzi waliokuwa wamezunguka kisima wakilia.

Akachukua fimbo, akazunguka nyuma ya hema.

Mjusi aliachiliwa chini ya pazia. Alitambaa hadi kivuli cha kamba, akatulia, mbavu zikipanda na kushuka. Freji hakupumua. Mjusi akasogea kidogo, akatulia tena. Kisha akakivuka kigingi, shubiri moja tu. Kitanzi kikakaza.

Alipogeuka, shangazi yake alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi. Aliinamisha kikombe, kahawa ya Freji ikanywewa na mchanga.

Kamati ilikubali. Mashine zilipelekwa bonde jingine, kwa watu wengine. Mjusi yuko Kairo ndani ya chupa. Buluu yote imemtoka, na kibandiko kina jina lake jipya. Nihal alipandishwa cheo, naye hajarudi bondeni. Fadhiya aling'oa hema wiki ileile, akahamia kwa binti yake pwani, akafia huko, na Freji alizuiwa kubeba jeneza. Kisima bado kina maji. Freji huyachota kila asubuhi.