Baba Mkwe Ndani ya Kompyuta

Nilikwenda dukani kwa Mitesh, Mbeya mjini, kuomba kazi ya fundi kompyuta. Sikwenda kuomba huruma. Lakini aliposikia fimbo yangu ikigonga vigae vyake, sauti yake ikalainika ghafla, ile ya watu wanaoongea na mgonjwa wodini.

"Dada Damari, wewe nakupa mapokezi. Unakaa vizuri, unapokea simu."

"Simu sikuomba, bosi. Tangazo lako linasema fundi, na cheti changu hicho unacho mkononi."

"Lakini huoni."

"Kwani ulitangaza fundi wa macho?"

Mtu akacheka nyuma ya kaunta. Huyo alikuwa Liberatus, fundi mkuu wa duka. Sisi Wahehe wa Kilolo tunasemwa kwa hasira, na siku hiyo sikutaka kuwaangusha ndugu zangu. Nikamwambia Mitesh anipe jaribio lile lile alilowapa wengine. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nikishindwa, nitapokea simu zake mpaka nizeeke. Akakubali, nadhani ili niondoke mapema.

Jaribio lilikuwa hivi. Wakulima wa mpunga Madibira wana programu ya kupanga zamu za maji mashambani. Ni ya zamani, na inakubali Windows ya zamani tu. Kwa hiyo Liberatus alikuwa ameihamishia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Tatizo, programu iligoma kufunguka. Vijana wawili wenye macho yao mazima walikuwa wameshaishindwa wiki hiyo.

Nikachomeka flashi yangu. Kwenye kompyuta ya nje nikawasha kisoma skrini, kile kinachonisomea kwa sauti yaliyoko kwenye kioo. Hicho nimekipa sauti ya kike. Kisha nikaingia ndani ya mashine pepe na kuwasha toleo la zamani la kisoma skrini hicho, lenye sauti ya kiume. Nililiwasha kwa kuandika anwani ya faili lake niliyoikariri, sioni wala sisikii kitu kutoka ndani, mpaka yule mwanamume akaanza kusema.

Lo! Na mwanamke naye hakunyamaza. Kila kibonye nilichogusa walikijibu wote wawili, huyu juu ya yule, na amri nilizompa mwanamume alizidaka mwanamke.

"Sista, umeitisha mkutano wa hadhara?" Liberatus akasema. Duka zima kicheko. Nikasikia kibodi inaondoka chini ya vidole vyangu. "Lete nikusaidie."

Nikamchapa kiganja, paa! "Hodi hujui? Mikono yangu ipo hapo, hiyo ndiyo macho yangu. Rudisha!"

Akarudisha.

Ugomvi wa sauti mbili niliujua tangu nyumbani. Niliwahi kuhangaika nao siku nzima, mpaka mama mkwe wangu Yusta, Mnyakyusa wa Tukuyu, akachoka kuusikia kutoka jikoni. "Weh Damari! Hao ni mkamwana na baba mkwe, umewafungia chumba kimoja. Zamani kwetu hawakutani. Mzee akikohoa mlangoni, mkamwana anatokea uani. Mtoe huyo mwanamke!" Mama wa watu hajawahi kugusa kompyuta, na alikuwa amesema kweli tupu.

Nikabonyeza vibonye vitatu, nikamlaza mwanamke. Si kumzima, kumlaza tu, kwa dirisha lile moja la mashine pepe. Nikitoka nje ya dirisha anaamka mwenyewe. Sasa akabaki mzee peke yake, na kila kibonye kikawa chake.

"Amenyamaza nani?" Mitesh akauliza.

"Mkamwana. Baba mkwe yupo ndani."

Nikafungua programu. Ujumbe ukatokea, na mzee akausoma wote, taratibu, hadi mstari wa mwisho: tarehe ya kompyuta iko nyuma ya zamu ya mwisho iliyoandikwa.

"Ujumbe huu aliusoma nani kabla yangu?" nikauliza.

Walikuwa wameuona, wote watatu, wale vijana na Liberatus, wakabonyeza Sawa na kuendelea. Mwenye macho anaruka. Mimi sina pa kurukia, nasikiliza mpaka mwisho. Nikaingia kwenye saa ya ile kompyuta ya ndani. Ilikuwa imebaki nyuma miaka sita! Nikairekebisha, nikafungua programu tena, na mzee akaanza kusoma zamu za maji shamba kwa shamba. Uso niliukaza.

"Haya bosi, simu ziko wapi nipokee?"

Mitesh alikohoa kikohozi cha aibu. "Jumatatu saa mbili, fundi. Na programu hii Madibira utaipeleka wewe."

"Na mapokezi?"

"Acha maneno, Damari."

Nikaacha. Kumzomea mtu aliyeshindwa si heshima, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Jumatatu nilikuwa mezani kwangu, nimevaa spika ya sikioni upande mmoja, nasikiliza mashine ya mteja. Hatua za Liberatus zikaja, nazijua, anaburuta kisigino. Nikashika kibodi kwa mikono miwili. Hatua zikasimama mbali kidogo na meza.

Akakohoa.

"Karibu," nikasema.