RAM ya Asgeir

Shule ya kisiwa cha Lyngøya ilipofungwa, watoto wachache waliobaki walihamia bara na wazazi wao, na mwalimu wao Eldbjørg akabaki na nyumba, paka na kwaya. Kwaya yenyewe iliimba huko bara, mbali kwa feri, kwa hiyo kila Jumatano jioni aliimba nayo kupitia kompyuta.

Msimu ule wa theluji kompyuta ikaanza kumsumbua. Katikati ya wimbo nyuso za wenzake ziliganda, midomo wazi, na sauti ikakatika. Zilipoamka, wenzake walikuwa ubeti mwingine.

"Eldbjørg, bado upo?" kiongozi wa kwaya aliuliza.

"Nipo! Nipo hapa!" alijibu. Hakuna aliyemsikia.

Akampigia simu Asgeir, fundi mstaafu wa redio za meli, jirani yake pekee upande ule wa kisiwa. Tangu mkewe aondoke, Asgeir alikuwa akiingia dukani na kutoka bila neno. Lakini simu aliipokea.

"RAM yako ndogo, kumbukumbu ya kufanyia kazi," alisema. "Fungua kompyuta, nisomee kilichoandikwa kwenye kipande chake."

Akamsomea. Kesho yake asubuhi alikuta soksi ya sufu mlangoni, na ndani yake kipande cha RAM. Asgeir hakuwepo. Palikuwa na nyayo tu kwenye theluji.

Alikichomeka kando ya kile cha zamani, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

"Asgeir, imekufa."

"Inalia?"

"Inalia kama mwanakondoo."

"Basi haijafa. Uligusa chuma kwanza kuondoa umeme wa mwilini, au ulikuwa unambembeleza paka?"

"Nina akili zangu, mzee."

"Haya. Vipande hivyo havilingani. Chako cha polepole, changu kina kasi, na kompyuta imeng'ang'ania mipangilio ya zamani. Chomoa umeme. Kuna betri ya duara, kama sarafu. Itoe, kunywa kahawa, irudishe. Itasahau, ianze upya."

"Njoo uifanye mwenyewe. Kahawa ipo."



"Mikono unayo, mwalimu," akasema, akakata.

Alifanya alivyoambiwa. Kioo kikawaka, na vipande vyote viwili vikasomeka. Kile chenye kasi kilikubali kwenda mwendo wa mwenzake.

Jumatano hiyo aliimba mwanzo hadi mwisho. "Tunakusikia, Eldbjørg!" walimwambia, wakampigia makofi. Kisha wakaagana, nyuso zikazimika moja moja, na chumbani ikabaki feni ya kompyuta ikivuma.

Kesho yake alipeleka lefse, chapati laini za viazi zenye siagi na sukari, kwa Asgeir. Mlango ulikuwa wazi, na Asgeir hakupata muda wa kuufunga kabla mwalimu hajaingia. Mezani kompyuta yake ilikuwa imevuliwa kifuniko cha ubavu. Mchezo wa chesi ulikuwa umekwama kwenye kioo, na mshale wa kipanya ukijikokota. Ndani, pembeni mwa kipande kimoja cha RAM, palikuwa na nafasi tupu isiyo na vumbi.

"Asgeir. Umenipa ya kwako."

"Vilikuwa viwili."

"Na chesi yako je?"

"Mpinzani wangu yuko Iceland. Hana haraka."

"Nakurudishia leo hii."

"Ukikirudisha nakitupa baharini."

"Lakini kwa nini?"

Asgeir aliichukua sahani, akaitazama badala ya kumtazama yeye.

"Jumatano huwa napita kwako nikitembea. Unaimba, mara unanyamaza, halafu unaita watu na hawakuitiki." Akakohoa. "Sikupenda kusikia hivyo."

Eldbjørg alizoea kuamini kwamba barabara ile haina mtu.

"Jumatano ijayo uingie ndani," alisema hatimaye. "Kiti kipo."

"Nitaona."

"Kuona kwako ndiko kutokuja."

"Unanijua, mwalimu," alisema Asgeir, na karibu acheke. Kisha akamshukuru kwa lefse, akamsindikiza nje na kufunga mlango taratibu.

Jumatano ilipofika, Eldbjørg aliweka vikombe viwili. Saa ya kwaya ikawadia, mlango haukugongwa. Nyuso zilipojitokeza kwenye kioo, alivaa koti, akafungua dirisha la upande wa barabara, baridi ikamwingia hadi miguuni. Nje hakuona mtu. Akarudi kitini, akashika sauti yake ya pili, na kuimba kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.