Mkuu Katikati ya Jalada

Mke wangu aliipikia shule ile mpaka siku alipoanguka kando ya jiko. Asubuhi hiyo alikuwa amemwendea mkuu wa shule kumwambia kifua kinambana, anaomba kwenda hospitali. Mkuu akamjibu, "Wageni wa wizara wakishakula, nenda popote." Wageni wakala, wakashiba, wakaomba na chai. Mke wangu hakwenda popote. Mazishini mkuu alifika kwa kuchelewa, akashika kipaza sauti, akaongea kuliko hata aliyesalisha, na nusu ya hotuba ilikuwa matokeo ya mitihani. Wakubwa ndivyo walivyo. Hata kaburini wanatafuta pa kusimama waonekane.

Mimi shule sikufika mbali. Nabandika majalada kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji: kurasa zikishabanwa napaka gundi mgongoni, nazungushia jalada, napeleka kwenye mashine ya kukatia kingo. Anayesanifu majalada kwenye kompyuta ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu.

Basi kikaja kitabu cha mwaka cha shule ile ile. Mkuu alikileta mwenyewe, akavuta kiti, akajibana ubavuni mwa shemeji kama abiria anayemfundisha dereva. Alikuwa na picha moja ndefu: walimu na wafanyakazi wote wamejipanga mbele ya ofisi, na mke wangu kasimama mwisho kabisa na aproni yake, anatabasamu kwa upande kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nyuma yao, gundi imenikaukia vidoleni. Mkuu hakunitambua. Mazishini alinipa mkono huku akitazama gari lake.

"Picha izunguke jalada lote," akasema. "Mbele na nyuma. Tusifanane na shule za vichochoroni."

"Sawa, Mkuu."

"Huyu wa mwisho mtoe. Aproni inaharibu picha. Halafu si alishafariki?"

Shemeji akakohoa. "Alifanya kazi pale miaka mingi, Mkuu."

"Hata ukuta uko pale miaka mingi. Mtoe, weka maua."

Nilingoja shemeji aseme kwamba huyo ni dada yake wa tumbo moja. Hakusema. Alibofya, akavuta, maua yakaanza kumpanda kuanzia miguuni. Tabasamu ndilo lililokuwa la mwisho kuondoka.

"Sasa nisogeze mimi," mkuu akasema. "Niwe katikati kabisa."

"Mkuu, hapo katikati ndipo..."

"Hapo katikati ndipo mimi. Kwani mkuu wa shule ni nani?"

Shemeji akasogeza kama alivyoambiwa. Alichotaka kusema ni hiki: jalada la mbele na la nyuma huchapwa kwenye karatasi moja, na kati yake kuna ukanda unaofunika mgongo wa kitabu. Uso wa mkuu ulikuwa umekaa pale pale kwenye ukanda. Karatasi ikikunjwa, jicho moja litakwenda mbele, jingine nyuma, na pua itabaki mgongoni.

Kwetu kuna utaratibu. Kabla ya kuchapa vyote tunatoa jalada moja, mimi nalikunja juu ya kurasa tupu, mteja analishika kama kitabu. Safari hii nililibeba likiwa bapa, kwa mikono miwili, kama sinia.

Shemeji akanidaka mlangoni. "Shemeji, likunje kwanza. Akiliona limekunjwa atataka tubadilishe."

"Umemfuta dada yako bila kupepesa macho. Huyu ndiye wa kuonewa huruma?"

"Unadhani sikuumia? Nina watoto wa kulisha."

"Kawalishe. Jalada niachie mimi."

Mkuu alilitandaza mezani, akajitazama, akarudi nyuma hatua moja akajitazama tena. "Hapo nimetoka," akasema, akasaini. Baada ya hapo nikabandika. Kila nilipokunja jalada nilipitisha kidole gumba juu ya ile pua na kuikandamiza vizuri. Nilifurahi, kwa nini nidanganye?

Alikuja kuvichukua mchana, kesho yake ikiwa mahafali. Akafungua boksi, akageuza kitabu mbele, akageuza nyuma.

"Mimi niko wapi?"

"Uko mgongoni, Mkuu," bosi wetu akasema. "Si uliona, ukasaini?"

Mkuu akafoka mpaka akaishiwa pumzi. Bosi akamtuliza: majalada mapya yangeweza kuchapwa kabla jua halijazama, ila haya ya zamani lazima yabanduliwe kwa mkono, na mbanduaji ni mmoja tu, huyu mzee. Wote wakanigeukia. Hapo ndipo shemeji akapata ulimi.

"Mkuu, huyu ni mume wa yule mpishi tuliyemtoa. Mimi ni mdogo wake."

Mkuu akanitazama, mara ya kwanza tangu nizaliwe. "Mbona hamkusema, jamani? Mzee wangu, tunamrudisha. Tena tunamweka mbele, karibu yangu. Wewe nibandulie tu hivi."

Nikamwona mke wangu kwenye jalada la mbele, watoto aliowapikia wakienda naye majumbani kwao. Nilitaka hivyo, Mungu anajua. Halafu nikamwona anayesimama kando yake, uso mzima, macho yote mawili.

"Hapana," nikasema. "Mke wangu abaki huko Mkuu alikomweka, na Mkuu abaki hapo alipojiweka."

"Mzee, ukikataa kazi hii, kesho usije," bosi akasema.

"Kesho nisingekuja. Nakwenda mahafali."

Shemeji hanisalimii mpaka leo. Anasema yeye alimfuta dada yake kwa amri, mimi nilimfuta kwa kupenda. Labda. Sijamtafuta.

Lakini kule mahafali niliwaona wanafunzi wakifungua vitabu, wakivilaza kifudifudi kwenye nyasi na kuvikandamiza kwa viganja, wakijaribu kuyakutanisha macho ya mkuu wao. Gundi ikikandamizwa hivyo huachia. Kurasa zikaanza kuchomoka, moja moja, na mkuu akashuka jukwaani akikimbilia huku na huku kuziokota. Nikatafuta kiti cha mbele, nikakaa.