Waliobeba Mawe

Saa kumi jioni Chepchumba alikuwa akipiga deki sebule ya ile nyumba ya mawe ya mkoloni, iliyogeuzwa makumbusho ya Lodwar mwaka huo wa 2013, wapagazi walipofika. Walijipanga nje, kila mmoja na jiwe lake kichwani, ingawa walikufa zamani. Aliwadhania vibarua wa mtaro, akawaambia waje kesho. Hawakuondoka.

Aliyemweleza kuwa ndio waliojenga nyumba hiyo ni Nabei, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshasalimia mstari mzima, ejok, ejok, na sasa alikuwa akimtilia babu yake, mmoja wao, tumbaku mdomoni, maana mikono ya mzee ilishika jiwe.

"Mzungu wa nyumba hii alisema beba," Nabei alisema. "Hakusema weka. Saa hii nyumba iko chini yako, madam. Sema wewe."

Chepchumba, mtunza makumbusho, mtu wa Iten aliyeletwa huku na uhamisho, hakuona ubaya. Alimwambia wa mwisho kwenye mstari aweke chini. Mzee yule akaweka, akanyoosha shingo, akaenda zake kuelekea mto Turkwel. Papo hapo jiwe moja likatoweka ukutani, na mbuzi akachungulia sebuleni.

Basi Chepchumba hakumwambia mwingine aweke. Ijumaa wakubwa wangekuja kutoka Nairobi kufungua makumbusho, na nani anafungua nyumba yenye matundu? Akaziba tundu kwa saruji, akamwambia Nabei wangoje Ijumaa ipite. Aliona haya kusema hivyo, lakini alisema.

Siku yenyewe wageni walisifu kuta. Mmoja alitaka picha, ila wapagazi walikuwa wamekinga kibao kinachosema nyumba ilijengwa na Bwana Hartnell. Akamwomba Chepchumba awaondoe kidogo.

"Sogeeni," Chepchumba alisema.

Wakasogea wote, polepole, shingo zikitetemeka. Babu yake Nabei alimkazia macho, akingoja neno linalofuata. Chepchumba aliinamisha uso, aibu imemjaa hadi masikioni. Picha ikapigwa.

Wageni walipoondoka, Nabei alimfuata mlangoni. Hakugomba.

"Ijumaa imepita, madam."

"Wanarudi Desemba kukagua, mama. Tungoje hiyo Desemba."

Nabei akageuka, akamweleza babu yake kwa Kiturkana. Mzee akajibu kwa sauti ndogo. Chepchumba akauliza amesema nini.

"Anauliza kama anayesema bado ni yule mzungu."

Chepchumba alifunga mlango, akarudi kwake, na wapagazi wakabaki wamesimama.