Aliyefungua Faili la Editha

Editha alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika kituo kimoja cha afya cha binafsi, nje kidogo ya mji wa Singida. Jumatatu moja mganga mfawidhi, Dakta Mazengo, alimwita akamwambia anataka kujua nani anafungua mafaili ya wagonjwa, na saa ngapi. Mfumo ulikuwa ukiandika mambo hayo tangu zamani, ila yalikuwa yamelala tu ndani ya seva, hayana msomaji.

"Yakusanye, yaende kwenye mashine ya pili, yatunzwe huko," alisema Dakta.

Kazi hiyo aliipokea kwa moyo mmoja, maana wiki mbili zile alikuwa anatafuta chochote cha kumsahaulisha ya nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Sepuka, akaitikia shikamoo kwa shingo upande, na kabla hajakaa akasema, "Kumbe mwanangu kaoa mwanamke wa mrija mmoja!"

Ilikuwa kweli. Editha aliwahi kufanyiwa upasuaji mimba ilipotunga nje ya kizazi, akaondolewa mrija mmoja wa uzazi. Lakini ukiacha daktari, jambo hilo alimwambia mtu mmoja tu: mumewe, Elisha. Elisha aliapa kwamba hajafungua mdomo. Editha hakumwamini, akahamia chumba cha pili.

Aliyemfuta machozi siku hizo ni Luciana, karani wa mapokezi, rafiki yake wa miaka sita. "Usimlaumu sana shoga yangu," Luciana alimwambia. "Wanaume kwa mama zao hawana siri."

Jumanne asubuhi Editha alikaa mbele ya seva. Akaandika maelekezo ya programu ya kukusanya kumbukumbu hizo: isome wapi, ipeleke wapi, itunze kwa mwaka mzima. Akaiwasha upya. Mara ya kwanza ikagoma kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana. Alipoirekebisha, mistari ikaanza kumiminika kwenye mashine ya pili, ya leo na ya miezi mitatu nyuma.

Ilibaki kujaribu kama inatafutika. Hakutaka kuchungulia habari za mgonjwa wa watu, basi akaandika namba ya faili lake mwenyewe, maana naye alitibiwa hapo hapo.

Ikatoka mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa daktari wake. Wa pili ulikuwa wa siku tatu kabla ya ujio wa mama mkwe, saa moja na dakika arobaini asubuhi, kompyuta ya mapokezi, akaunti ya Luciana.

Editha aliusoma mara nne. Siku ile hakuwa na miadi yoyote ya matibabu.

Alimwita Luciana ndani, akafunga mlango, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

Luciana alisoma, akakaa. "Mama mkwe wako tunasali naye nikienda nyumbani Sepuka," alisema. "Alilia mbele yangu, Editha. Aliniuliza kwa nini hamzai. Nilimwonea huruma."

"Na mimi nilipolia mbele yako?"

Luciana alikirudisha kioo kilikokuwa.

"Ulikaa kitandani kwangu," Editha alisema. "Ukaniambia ni mume wangu. Ukanishika na mkono!"

"Nisamehe. Nina watoto." Luciana alisogeza kiti. "Mashine ni yako wewe. Futa huo mstari, yaishe."

Angeweza kuufuta. Badala yake aliuchapisha, akijua kwamba Dakta naye atajua ni faili la nani, akampelekea hivyo hivyo. Kabla ya saa sita Luciana alikuwa amesimamishwa kazi. Alipita na mkoba wake dirishani pa Editha bila kuangalia ndani.

Jioni Editha alimkuta Elisha uani akipepeta alizeti.

"Hukusema wewe," alimwambia. "Ni Luciana. Nimeona kwa macho yangu."

Elisha aliweka ungo chini. "Mimi nilikuambia siku ile ile."

"Ulisema."

"Ukamwamini yeye."

Editha alichutama, akaanza kuokota mbegu zilizomwagika nje ya turubai. Elisha alichukua ungo wake akaendelea kupepeta. Usiku ule Editha alirudisha godoro lake chumbani kwao. Elisha alimpisha nafasi, lakini alilala ameuelekea ukuta.