Mashine Iliyokataa Bariyerini

Soraya alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi, Dady aliposimamisha pikipiki mbele ya kibanda chake sokoni Kasongo. Dady nani asiyemjua? Ndiye kijana wa bariyeri ya upande wa Lusangi, anabeba bunduki kama wenzake wanavyobeba jembe.

"Fundi, beba vyombo. Kule iko ordinatere inakataa kuwaka."

"Uilete hapa hiyo kompyuta, Dady. Niko na kazi ya watu."

Dady aliichukua ile simu mezani, akaibwaga chini, akaisaga kwa kisigino cha buti. "Sasa hauna kazi. Panda."

Akapanda. Angefanya nini, jamani? Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Bariyeri yenyewe ni mwanzi uliolazwa juu ya mapipa mawili, kibanda cha nyasi, na kioo cha jua cha kuchajia simu. Wenye bariyeri wiki hii wamevaa koti hili, wiki ijayo lile. Ni serikali gani iliyowaweka pale, hakuna mpita njia aliyethubutu kuuliza. Kwenye nguzo ya kibanda palikuwa na mtu amefungwa kamba. Uso wake ulikuwa umevimba, damu imemkaukia kidevuni, na Soraya alimtambua kwa shati kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyemnunulia shati lile. Alikuwa Faradji, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao.

Alifungua mdomo amwite. Faradji akamwahi.

"Jambo, fundi," alisema, kama anayesalimia mtu asiyemjua.

Soraya akaelewa, akameza jina la mdogo wake kama mtu anayemeza mwiba. Bariyerini pale, ndugu wa mshitakiwa hufungwa nguzo ileile.

"Jambo, baba," akajibu.

Shefu Blaise, mkubwa wa bariyeri, alikuwa ameketi na laptopu magotini. "Huyu mutu anasema ni mwanafunzi. Nikamwambia: washa, nione iko nini ndani. Haiwaki! Mutu ya haki, mashine yake itakataaje kuwaka mbele ya shefu? Anaficha mambo ya adui." Alionyesha kwa kidole mstari wa michikichi. "Jua likifika pale haijawaka, tunamupeleka porini. Na mutu wa kupelekwa porini, unajua."

Alijua. Kasongo nzima inajua.

Alikaa chini, akaigeuza mashine. Alibonyeza kitufe: kijitaa kiliwaka, kikazima. Akaunga waya wa umeme: vilevile. Basi umeme unafika, alijiambia, kuna kitu ndani kinaukata. Akalegeza skrubu, akafunua kifuniko cha chini, na pumba za mpunga zikamwagika juu ya kanga yake.

Loo, mama! Hapo Soraya alijua kila kitu bila kuambiwa. Mama yao anaishi kijijini, nyuma ya mlima ule pale, na kila kitu cha umeme kinacholowa maji yeye hukizika ndani ya mpunga, kwa kuwa aliwahi kusikia mchele unakausha simu. Wengine hutumia mchele uliokobolewa. Mama, kwa mapenzi, alimwaga mpunga mbichi wa kutwangwa siku ileile, na maganda yake na vumbi lake. Faradji alinyeshewa, mama akaikausha, na leo alikuwa anamletea dada yake aitazame. Ni hayo tu. Hiyo ndiyo siri ya adui.

"Hii nini?" Shefu Blaise aliruka nyuma, kiti kikaanguka. "Dawa! Amefunga mashine kwa dawa ya vita!"

"Ni pumba, shefu. Pumba za mpunga tu."

"Mpunga inatafuta nini ndani ya mashine? Nani anapanda mpunga ndani ya mashine?" Akamgeukia Faradji. "Mkono gani uliiweka?"

"Shefu, mama yangu..."

Dady alimfungua mkono wa kulia, akaulaza juu ya pipa, na Shefu Blaise akaushindilia kitako cha bunduki. Mara ya kwanza Faradji alipiga kelele. Mara ya pili sauti haikutoka. Soraya aliinamisha kichwa, akapuliza pumba, akapuliza tena, machozi yakimdondokea juu ya vyuma ambavyo havitakiwi kuguswa na maji. Aliwachukia mpaka meno yakamuuma.

Kazi iliendelea, maana jua halikusimama. Alichomoa betri, akakishikilia kitufe mpaka umeme uliobaki ndani ukaisha. Akatoa kibao chembamba cha kumbukumbu. Meno yake ya shaba yalikuwa yameota utando mweupe wa unga. Akayasugua kwa mpira wa kufutia, akayafuta kwa pindo la kanga, akakirudisha mpaka kikalia. Akarudisha betri, akaunga waya.

Kidole kilipofika juu ya kitufe, alikumbuka. Mashine hii ikiwaka, kitu cha kwanza kuonekana ni picha ya Idi: mama katikati, Faradji kulia, na kushoto yeye Soraya, anacheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka. Isipowaka, Faradji anakwenda porini. Ikiwaka, wanajua yeye ni nani.

Akabonyeza.

Feni ikanguruma, kioo kikajaa mwanga, na Soraya wa Idi akawachekea wenye bariyeri.

"Ee!" Dady akasema. "Si ni huyu?"

Kofi la Shefu Blaise lilimwangusha Soraya ubavu, sikio likalia nzii. "Kumbe mutu na dada yake! Ilikataa kwetu, imekubali kwako. Muko bande moja, kundi moja!"

"Shefu," Soraya alisema kutoka chini, damu mdomoni, "kosa lake ulisema mashine haiwaki. Sasa si inawaka?"

"Sasa inawaka, ndiyo kosa."

Walipekua. Walikuta utafiti wa Faradji, kurasa na kurasa juu ya magonjwa ya mpunga, na picha za majani yenye madoa. Hakuna adui. Shefu Blaise akapiga miayo.

"Mashine inabaki, ni ushahidi. Nyinyi mupotee. Fundi, funga vizuri."

"Inabaki kwa nani?" Dady akadakia. "Ni mimi nilimukamata!"

"Wewe ni nani hapa?"

Wakashikana makoti, wakasukumana mpaka nje, wakitukanana mama. Soraya aliizima mashine, akaigeuza. Alichomoa diski, ile yenye kurasa zote za Faradji, akaichomeka ndani ya sidiria. Palipobaki wazi akashindilia pumba kwa kidole gumba, akamwagia nyingine ndani ya feni. Akafunga skrubu. Akamfungua mdogo wake, wakaondoka bila kukimbia, kwa sababu anayekimbia hupigwa risasi.

Walikuwa wameshapita kona waliposikia ukelele, "Dawa! Imerudi!" kisha bunduki, mfululizo. Faradji akajitupa majanini.

"Amka," Soraya akasema. "Wanaiua mashine."

Kasongo ilikuwa mbali, kwa mama karibu. Mama alikuwa uani, anapepeta. Alipowaona, ungo ulimtoka mkononi, akapiga yowe hadi majirani wakatoka. Aliushika mkono wa mwanawe, ule wa kuandikia, vidole vimekwenda kila upande.

"Nani amekufanya hivi? Kwa sababu gani, mwanangu?"

Faradji akamtazama dada yake.

"Na mashine je? Iliwaka?" mama akauliza, akilia, akimwosha damu. "Labda mpunga ilikuwa kidogo. Ningeongeza."

"Iliwaka, mama," Soraya akasema. "Mpunga ilitosha."