Kiti Ambacho Irmtraud Hakukikataa

Irmtraud Seebald alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na ushei, na karibu nusu ya umri huo aliutumia akiwa msaidizi wa Profesa Gerhold Vossbeck, mkuu wa idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Hellingen. Utaalamu wa Irmtraud ulikuwa mashairi ya Kiingereza cha kale, lugha ambayo hata Waingereza wenyewe huisoma wakiwa na kamusi mkononi. Profesa alifundisha siku alizojisikia. Siku nyingine Irmtraud ndiye aliyeshika chaki, akasahihisha mitihani na kupokea wageni, kisha jioni akarudi kwa mama yake, Bi Alwine, aliyeishi naye juu ya duka la mikate.

Miaka michache kabla ya hapo, chuo kimoja cha kaskazini kilimwita akawe profesa. Alikwisha anza kufunga vitabu vyake Vossbeck alipokuja nyumbani na shada la maua kwa ajili ya mama. Alikula keki ya plamu, akasifu, akaongezwa. Ndipo akasema lililomleta. Alikuwa anakaribia kustaafu. Nani wa kumrithi kama si Irmtraud?

"Vumilia kidogo, Bi Seebald. Kiti changu ni chako. Hilo ni neno langu."

Irmtraud akawajibu watu wa kaskazini kwamba haji. Mama yake alinuna siku kadhaa, akisema maua huchanua hata kwenye nyumba ya mwongo. Irmtraud alicheka tu. Vossbeck ndiye aliyemwinua kutoka darasani alipokuwa binti asiyejulikana na mtu, angemshuku vipi?

Wakati ukafika. Kamati ya kumtafuta mrithi ikakaa kwa siri, kama ilivyo desturi, na Irmtraud akangoja kwa utulivu wa mtu anayelijua jibu. Wakati huohuo alikuwa akiandaa kitabu cha makala za kumuenzi Vossbeck, maana wenzake walimchagua akisimamie na kutoa hotuba siku ya kumuaga.

Jumamosi moja alikuwa sokoni akichagua viazi alipokutana na Ottmar Priebe, mwalimu wa historia aliyekuwamo kwenye kamati. Priebe akavua kofia, akampa mkono.

"Pole sana na maradhi ya mama," alisema. "Sote tulisikitika kwamba umekikataa kiti."

"Nani kasema nimekikataa?"

Priebe akabadilika rangi. Lakini neno lilikwisha toka. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Vossbeck mwenyewe ndiye aliyeiambia kamati: Bi Seebald ameomba asifikiriwe, anamuuguza mama yake. Jina lililopita lilikuwa la kijana mmoja kutoka kusini. Hatua chache kutoka hapo, Bi Alwine, mzima kama kengele, alikuwa akibishana na muuza samaki, akimtuhumu kuuza samaki wa juzi.

Jumatatu Irmtraud aliingia ofisini kwa Vossbeck bila kubisha hodi. Vossbeck hakukana. Alimwomba aketi; Irmtraud akabaki wima.

"Huyo kijana ana jina, lakini hajui lolote la idara hii," Vossbeck alisema. "Wewe utamshika mkono. Ungekuwa profesa, kazi yako angeifanya nani?"

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetoa sifa, na upole huo ndio uliomkata Irmtraud maini. Laiti Vossbeck angemchukia, Irmtraud angejua pa kuyaweka maumivu yake. Kumbe mtu huyu alimthamini kama mtu anavyomthamini punda wake hodari: hamuuzi, wala hamfungui.

Siku ya kuaga, ukumbi ulijaa. Irmtraud alimsifu Vossbeck kwa yale aliyostahili, bila kupunguza. Kisha akaikunja karatasi yake.

"Kuna jambo limesemwa kwa niaba yangu, nami nataka kulisema mwenyewe. Kiti cha Profesa Vossbeck sikukikataa. Niliahidiwa, na nilikitaka."

Akamkabidhi Vossbeck kitabu chake, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa kitivo alikohoa, akaamuru divai imiminwe.

Hakikubadilika kitu. Kijana wa kusini aliteuliwa, na wenzake Irmtraud wakanong'ona kwamba amemharibia mzee siku yake. Ila Irmtraud hakubaki kumshika mtu mkono. Msimu wa majani kupukutika alianza kufundisha katika sekondari ya wasichana, mji wa jirani.

Alikutana na Vossbeck mara moja tu, darajani. Mzee akainua kofia, akamuuliza kwa uchangamfu kama hajambo, kana kwamba baina yao hapakupita neno. Irmtraud akajibu kwamba hajambo, akashika njia yake. Alipofika nyumbani aliketi kando ya jiko bila kuvua koti. Bi Alwine alipomuuliza kilichomsibu, alisema ni baridi.